Kutoka Kodi ya Kichwa hadi Ritani

Katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, kama Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makadara na Jericho, neno kodi lina maana mbili. Mpangaji asemapo kwamba siku ya kodi imewadia, huenda anamfikiria mwenye nyumba, na huenda anaifikiria serikali. Mkanganyo huu ni wa zamani. Kodi ya kwanza ambayo Waingereza waliwatoza Waafrika wa nchi hii, mwaka 1901, iliitwa kodi ya nyumba, ijapokuwa serikali hiyo haikuwa imemjengea mlipaji hata kibanda kimoja.

Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa, ili kijana asiye na kibanda chake naye asiponyoke. Makusudi yalikuwa mawili: kujaza hazina ya serikali, na kuwasukuma wanaume watoke makwao wakatafute fedha kwa kazi za mshahara katika mashamba ya walowezi na mijini. Angalia vizuri tabia ya kodi hizo. Hazikumwuliza mtu amepata nini mwaka ule. Mwenye ng'ombe mia na mwenye mbuzi mmoja walihesabiwa sawa, kichwa kwa kichwa. Mlipaji hakuwa na la kueleza; alikuwa na la kutoa tu.

Mjini Nairobi stakabadhi ya kodi ilikuwa kama ufunguo wa njia. Pamoja nayo kulikuwa na kipande, hati ya kazi ambayo kila mwanamume Mwafrika alilazimishwa kuichukua baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambayo wengi waliivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Aliyekutwa na askari bila karatasi zake aliweza kulala korokoroni, hata kama kodi yenyewe alikwisha ilipa. Ndiyo maana wazee waliitunza stakabadhi kama mboni ya jicho.

Mwaka 1921 mzigo ulizidi. Kodi ilikuwa imepandishwa kutoka shilingi 10 hadi 16, na wakati huo huo walowezi wakaazimia kupunguza mishahara kwa thuluthi moja. Harry Thuku, kijana aliyekuwa mpokeaji simu katika ofisi ya Hazina, mahali zilipoishia kodi hizo, aliongoza chama cha kuyapinga mambo hayo. Alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe. Mwanamke aitwaye Muthoni Nyanjiru aliwatangulia wenzake kusonga mbele, risasi zikafyatuliwa, naye akawa miongoni mwa waliouawa. Serikali ilitaja vifo 21. Walioshuhudia walisema waliokufa ni wengi zaidi. Kodi ikashushwa hadi shilingi 12. Katika miaka hiyo Pumwani ilifunguliwa kuwa makazi ya Waafrika.

Je, walowezi walilipa nini? Kodi ya mapato ilijaribiwa kwao mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakaipinga, ikaondolewa. Haikusimama imara hadi mwaka 1937. Mwafrika alikuwa amelipa kwa miaka zaidi ya thelathini kabla ya tajiri kuulizwa anapata kiasi gani. Lakini kodi hiyo ilikuja na jambo jipya: taarifa ambayo mlipaji huandika mwenyewe, akitaja mapato yake. Kodi ya kichwa ilimhesabu mtu; kodi ya mapato ilimwuliza. Taarifa hiyo ndiyo leo tunayoiita ritani.

Uhuru ulipatikana tarehe 12 Desemba 1963. Sheria ya kodi ya mapato ya Kenya yenyewe ilianza kutumika mwaka 1974, na Mamlaka ya Ushuru ikaundwa tarehe 1 Julai 1995. Leo kila mwenye namba ya mlipa kodi hutakiwa kupeleka ritani ya mwaka uliokwisha kabla ya tarehe 30 Juni kupita, na huipeleka kwa njia ya intaneti.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mfanyakazi wa kiwandani aishiye Jericho husema, "Mwajiri wangu hunikata kila mwezi, nijaze nini tena?" Kukatwa ni jambo moja, kutoa taarifa ni jingine. Kila mwaka mwajiri humpa fomu iitwayo P9, yenye mshahara wa kila mwezi, nafuu aliyopewa na kodi iliyokatwa. Ni wajibu wake kuilinganisha na hati zake za mshahara, kisha kuijaza ritani kwa hesabu hizo, akiongeza mapato mengine kama anayo. Akifanya hivyo ataweza kugundua kama fedha zilizokatwa zilifika kunakohusika.

Kosa la pili ni kumwachia mtu wa saiba kila kitu, pamoja na neno la siri. Katika haraka ya siku za mwisho wa Juni, mwenye mshahara huandikiwa sifuri, naye huondoka akidhani amemaliza kazi, kumbe ametoa taarifa ya uongo kwa jina lake mwenyewe. Sifuri ni ya yule asiye na pato kweli. Asiyejua njia na aende Kituo cha Huduma cha Makadara aelekezwe. Anayechelewa hutozwa shilingi 2,000, au sehemu 5 kwa kila 100 ya kodi anayodaiwa, kwa kufuata iliyo kubwa zaidi. Tena hati zote hazina budi kuhifadhiwa kwa miaka mitano, kwani wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Enyi wanafunzi, karibuni mtatimiza miaka kumi na minane, na wengi wenu mtapata namba hiyo. Babu zenu walitoa kodi bila kuulizwa neno, na waliponyanyua sauti walijibiwa kwa risasi. Ninyi mnaulizwa. Jibuni kwa ukweli na kwa wakati. Mtu aliyejaza hesabu yake sawasawa ana haki ya kusimama mbele ya serikali na kuidai nayo ijaze ya kwake: kodi yetu imejenga barabara gani, imenunua dawa gani, na iliyobaki iko wapi?