Digrii ya Mtu Mwenye Kazi: Ilianza Wapi, na Huchukua Muda Gani

Leo nasema nanyi wenzangu wa darasa la kisomo la Mwamkulu, na ninyi wa madarasa mengine mliokusanyika karibu na redio jioni hii. Mwalimu, tafadhali weka chaki tayari, maana leo ipo hesabu ya ubaoni. Nanyi mtakaoyasoma maneno haya kwenye karatasi baada ya kipindi, someni polepole. Hakuna mtu anayewakimbiza.

Mwezi uliopita nilipata barua kutoka kwa mama mmoja wa hapo Mwamkulu. Barua ina mistari minane tu, na imeandikwa kwa kalamu ya risasi. Mwaka juzi mama huyu alikuwa hajui kuandika jina lake. Anasema mwanawe ni mwalimu wa shule ya msingi, naye anatamani digrii. Sasa mtu mmoja wa mjini amemwambia kijana kwamba iko digrii ya miezi sita, haina vitabu wala mtihani, inataka fedha tu. Mama ananiuliza hivi: “Mwanangu, niuze mpunga? Je, iko njia ya upesi na ya fedha kidogo?”

Nitamjibu. Lakini somo letu ni historia, kwa hiyo nitaanzia mbali kidogo.

Digrii, au shahada, ni cheti kinachotolewa na chuo kikuu. Zamani, mtu aliyetaka shahada ilimbidi ahamie chuoni, akae huko miaka mitatu au zaidi, ale na kulala huko, huku akiwa hana kazi. Basi elimu hiyo ilikuwa ya watoto wa matajiri. Mwenye mke na watoto wa kulisha hakuweza kuifikia, hata angekuwa na akili namna gani.

Mlango wa kwanza ulifunguliwa mwaka 1858. Mwaka huo Chuo Kikuu cha London kilianza kuwapokea katika mitihani yake watu ambao hawakusoma katika vyuo vyake. Mtu angeweza kusoma nyumbani usiku baada ya kazi, kisha akalipa ada ya mtihani, akaufanya. Akifaulu alipewa shahada. Akishindwa alirudi vitabuni. Chuo hakikuuliza umesomea wapi, kiliuliza unajua nini. Angalieni jambo hili vizuri: njia ikawa rahisi kwa fedha, lakini mtihani haukulegezwa hata kidogo.

Baada ya hapo watu wengi walisoma kwa njia ya posta. Nitawatajia mmoja tu, ambaye jina lake mnalijua, naye ni Nelson Mandela wa Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa karani katika ofisi ya mawakili mjini Johannesburg. Alipanga chumba katika kitongoji cha Alexandra. Mshahara ulikuwa mdogo hata siku nyingine alikwenda kazini kwa miguu ili kuokoa nauli ya basi. Usiku alisoma kwa mwanga wa mshumaa, kwa sababu hakuweza kununua taa ya mafuta. Hivyo ndivyo alivyopata shahada yake ya kwanza kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, baada ya kufaulu mtihani mwishoni mwa mwaka 1942.

Wengi huishia hapo, wakashangilia. Mimi napenda kuendelea. Mwaka 1943 Mandela alianza masomo ya shahada ya sheria. Hakufaulu kuimaliza. Siasa zikaingia, kesi zikaingia, kifungo kikaingia. Alisoma tena akiwa kifungoni, akaacha, akaanza upya. Shahada hiyo ya sheria aliipata mwaka 1989, angali mfungwa. Toeni 1943 katika 1989. Mnapata miaka 46. Mtu wa mjini mwenye digrii ya miezi sita angemcheka.

Sasa turudi kwetu. Wakati wa Waingereza, kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu ilimpasa kwenda Makerere, Uganda. Safari hiyo ilikuwa ya treni na meli. Chuo cha kwanza cha namna hiyo hapa kwetu kilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru. Kilianza katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, wasiofika hata ishirini. Nchi nzima, wanafunzi ambao wangeenea katika darasa lenu hili!

Na huku Mpanda? Tulikuwa mbali. Reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda karibu na mwaka 1950, nayo ililetwa kwa ajili ya madini ya risasi. Haikuletwa kwa ajili ya vitabu. Hata hivyo treni ile ile ndiyo iliyobeba mifuko ya posta, na katika mifuko hiyo masomo ya barua yaliweza kumfikia karani au mwalimu aliyekuwa na nia.

Baada ya Uhuru, Serikali ilianza na kazi iliyokuwa kubwa zaidi, yaani kisomo. Katika hesabu ya mwaka 1967, watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapata milioni mbili walikaa katika vikundi kusikiliza, kama mnavyokaa ninyi sasa, kisha wakatoka wakachimba vyoo. Wazee wengine wa Mwamkulu huenda wanakumbuka.

Halafu, Novemba 1974, wakuu wa TANU walikutana Musoma. Azimio la Musoma lilisema kwamba vijana wasitoke shuleni na kwenda moja kwa moja chuo kikuu. Kwanza watumikie Jeshi la Kujenga Taifa, wafanye kazi kama miaka miwili, wapate sifa njema kazini na katika chama, ndipo waombe nafasi. Ghafla chuo kikuu kikawa mahali pa watu wazima wenye kazi. Mimi naona lilikuwa wazo jema, lakini lilikuwa na kasoro. Wasichana walipungua chuoni, maana katika miaka ile ya kungojea wengi waliolewa na kupata watoto. Baadaye ikabidi wao waruhusiwe kuingia bila kungojea. Tena, mfanyakazi aliyepata nafasi bado ilimbidi aiache nyumba yake na kuhamia Dar es Salaam.

Dawa ya hilo ilikuwa imekwisha kuonekana Uingereza. Huko, mwaka 1969, kilianzishwa Chuo Kikuu Huria, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza mwaka 1971. Walisoma nyumbani kwa vitabu vya posta, kwa redio na kwa televisheni. Tanzania nayo ikalifikiria jambo hili. Bunge lilitunga Sheria namba 17 ya mwaka 1992, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 1993, nacho Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kikazaliwa. Kilizinduliwa rasmi tarehe 19 Januari 1994. Mkuu wake wa kwanza wa shughuli za kila siku, yaani Makamu Mkuu wa Chuo, alikuwa Profesa Geoffrey Mmari. Chuo hiki hakikujenga mabweni. Kiliweka vituo mikoani, na leo kipo kituo chake hapa Katavi. Mwanafunzi hubaki kwake na kazini kwake, husoma usiku, kisha mtihani huufanyia kituoni.

Wahitimu wa kwanza wa chuo hicho walipata shahada zao mwaka 1999. Tangu 1994 hadi 1999 ni miaka mitano. Na hao ndio walioongoza mbio!

Sasa mwalimu, andika ubaoni. Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania hupima masomo kwa krediti. Krediti moja ni kazi ya saa 10, pamoja na kusoma, kuandika majaribio na kujiandaa kwa mtihani. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360. Mara kumi, ni saa 3,600.

Tuseme kijana wa mama yetu anasoma saa 2 kila usiku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni saa 12. Kwa wiki 50 ni saa 600 kwa mwaka. Gawanya 3,600 kwa 600. Ni miaka 6. Akitaka kumaliza kwa miaka 3, asome saa 4 kila usiku bila kukosa, na siku za kuvuna mpunga asiende shambani.

Niwaambie siri yangu. Mimi nina stashahada ya chuo kikuu, sina digrii. Niliwahi kuanza, nikajiwekea hizo saa nne. Wiki ya tatu mke wangu alinikuta nimelala juu ya kitabu na taa inawaka. Nikaacha. Sasa nimeanza tena, kwa saa moja na nusu. Nitachelewa, najua.

Kwa hiyo, mama yangu, juu ya upesi jibu langu ni hili: saa zile 3,600 hazipungui. Kinachoweza kupungua ni kuzunguka bure. Kijana wako akiwa na cheti tu cha ualimu, kwanza atahitaji stashahada, au kozi ya awali ya Chuo Kikuu Huria. Mtu aliyefanya kazi muda mrefu lakini hana vyeti vya kutosha aweza pia kuomba apimwe ujuzi wake kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, na akifaulu aruhusiwe kuingia. Hapo ameruka ngazi kwa haki.

Juu ya fedha, jibu ni jema zaidi. Gharama kubwa kuliko ada ni mshahara unaoukosa ukiacha kazi. Miaka mitatu ni mishahara 36. Anayesoma akiwa kazini huipokea yote. Kodi ya chumba cha mjini hana. Mwamkulu iko ndani ya Manispaa ya Mpanda, kwa hiyo atakwenda kituoni na kurudi kulala kwake. Ada hulipwa kwa masomo anayoyachukua. Mwaka wa mavuno mabaya aweza kuchukua machache. Aulize bei kituoni penyewe, adai stakabadhi, asimpe fedha mtu wa njiani.

Na huyo mtu wa miezi sita? Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wana nyumba na watoto shuleni. Vyeti vilivyoangaliwa hapo vilikuwa vya kidato cha nne, cha sita na vya ualimu. Kijana wako leo ana kazi ya halali na cheti cha halali. Akinunua karatasi hiyo, atakuwa ametoa mpunga wako ili aiweke kazi hiyo rehani.

Usiuze mpunga wote, mama. Uza wa ada ya masomo mawili au matatu ya kwanza, tuone kama kijana anaamka usiku. Na ukipenda, kaa naye mezani na daftari lako la kisomo, taa ni moja.

Sasa mwalimu azime redio. Kila mtu aandike katika daftari lake: kwa wiki moja ninapata saa ngapi za kusoma? Zidisha kwa 50, kisha gawanya 3,600 kwa jibu hilo. Barua zenu zinifikie kabla ya Jumatano. Juma lijalo tutasoma habari za reli ya Kaliua na wachimbaji wa madini ya risasi. Kwaherini.