Mkeka katika Nyumba za Waislamu wa Buganda

Aingiapo mgeni katika nyumba ya Mwislamu wa Buganda, hata kabla hajaulizwa habari za safari yake, hutandikiwa mkeka. Juu yake hukaa na kunywa chai, na juu yake husomwa maulidi na hukaa wafiwa. Jambo hili limezoeleka hata ni wachache wanaouliza mkeka huo ulitoka wapi. Lakini habari zake ni sehemu ya habari za Uislamu wenyewe katika nchi hii.

Zamani, kabla wafanya biashara wa pwani hawajafika, Waganda hawakukaa juu ya udongo mtupu. Walitandaza nyasi laini sakafuni, nao walikuwa na ngozi za wanyama, na lubugo, yaani nguo ya gome la mti uitwao mutuba, na virago vya mafunjo yaliyokatwa katika vinamasi. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake na heshima yake.

Yapokewa kwamba mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika mbele ya Kabaka Suna II, akamweleza habari za Mwenyezi Mungu aliyeumba viumbe vyote. Baada yake walikuja wengine kutoka Unguja na Tabora, wakileta nguo na bunduki, na pamoja nazo Kurani. Kabaka Mutesa I, aliyetawala tangu 1856 hata 1884, alijifunza kusoma Kiarabu, akajenga msikiti, na tangu 1867 akafunga Ramadhani, akawaamuru na raia wake wafunge.

Sasa sala haihitaji kiti wala meza, bali yahitaji mahali safi. Kwa hiyo kitu cha kutandika kikawa jambo la ibada, wala si jambo la starehe peke yake. Hadithi zasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali juu ya mkeka mdogo wa majani ya mtende, na kwamba mara nyingine aliamka usingizini akiwa na alama za mkeka ubavuni mwake. Mtende na mkindu ni miti ya ukoo mmoja, na mkindu humea wenyewe katika mabonde ya maji ya Buganda. Basi walichokisuka watu wa pwani kiliweza kusukwa hapa hapa. Lugha nayo yatoa ushahidi: Waganda huuita omukeeka, kama wanavyouita msikiti omuzikiti, na kitabu ekitabo.

Juu ya mkeka huo lilionekana jambo geni. Mbele ya Kabaka watu wote walianguka chini kumsujudia, lakini katika safu ya sala mkubwa na mdogo walisimama bega kwa bega, na kusujudu kukawa kwa Mungu peke yake. Ndipo ulipokuja mtihani wa mwaka 1876. Vijana wa kasri walikataa kula nyama iliyochinjwa na wasiotahiriwa, na wakakataa kuswali nyuma ya Kabaka mwenyewe, kwa kuwa naye hakuwa ametahiriwa. Wengi wao waliuawa Namugongo. Hawakugombea mali wala cheo. Waligombea nani asimame mbele ya safu.

Baadaye vilikuja vita vya dini, na Waislamu walioshindwa wakaachiwa mwaka 1893 wilaya moja tu, Butambala. Hata hivyo jamaa haikufa. Mwana wa mfalme Badru Kakungulu alitoa ardhi katika kilima cha Kibuli, jiwe la msingi la msikiti likawekwa mwaka 1941, na jengo likakamilika 1951. Katika kilima cha Old Kampala msikiti mkubwa wa taifa ulifunguliwa mwaka 2007, nao una zulia ukutani hadi ukutani. Misikiti imepata mazulia; mkeka umebaki nyumbani.

Kazi ya kuusuka ni ya wanawake, nayo si nyepesi. Majani machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajafunguka, huanikwa juani hata yakawa meupe, kisha huchanwa. Mengine huchemshwa katika rangi ya zambarau, ya kijani au nyekundu. Hapo husukwa ukili, na ukili hushonwa ubavu kwa ubavu hata ukatimia mkeka. Wanawake wa Kinubi wa Bombo nao wanasifika kwa ususi wa rangi.

Siku hizi masoko ya Kampala yamejaa mikeka ya plastiki na mazulia ya kiwandani. Hayo huoshwa kwa wepesi, wala si haramu. Lakini mwenye kutaka kitu cha asili na achague kwa akili. Mkeka wa ukindu wafaa kwa sala, kwa kuwa ni laini kwa paji la uso. Kirago cha mafunjo ni chepesi, ila huoza upesi penye unyevu. Zulia la mkonge ni gumu, lafaa mlangoni na njiani. Mnunuzi aukunje mkeka kidogo, aone kama majani hayakatiki, auinue kwenye mwanga, aone kama ukili umebana, autazame mshono, apanguse rangi kwa kitambaa cheupe chenye maji, aone kama haitoki. Akiisha kuununua, auanike mara kwa mara na auhifadhi pakavu. Ukitunzwa hivyo, utadumu miaka mingi.

Jambo moja lataka kuangaliwa zaidi. Vinamasi vya Lubigi na Nakivubo, pembeni mwa mji, vimepungua kwa ujenzi, na binti asiyekaa karibu na bibi yake hawezi kujifunza ukili kwa kutazama dukani. Vikipotea vyote viwili, mmea na mkono, watoto watakuta jina la mkeka katika lugha yao, wasikute mkeka wenyewe. Nyumba inayonunua mmoja kwa mwanamke aliyeusuka, na kumwomba amwoneshe binti wa nyumba namna ya kuanza ukili, imehifadhi kitu ambacho wazee walikipokea pamoja na sala.