Buleti haikuwahi kuwa nyama tupu

Hapa Nyarugusu kuna ugomvi mdogo ambao hauishi. Changanya njegere za mgao ndani ya nyama ya buleti, lazima atokee mama mmoja aseme unamdanganya mgeni. Nyama ni nyama, atasema, na hizo za njano ni za mgao. Na kama hukuzikaanga kwenye mafuta mengi, basi hujapika, umechemsha tu. Sisi wa Kivu na ndugu zetu Warundi tunasema buleti, neno la Kifaransa. Watu wa Mombasa na Unguja wanasema kababu. Kwa jina lolote, hii imani kwamba ya kweli ni nyama tupu iliyoogelea mafuta inatuumiza. Wazee wenye presha na sukari wanaambiwa wapunguze mafuta, wao wanasikia wameadhibiwa. Nimefuatilia historia ya chakula hiki, na hiyo nyama tupu siikuti pale mwanzoni.

Tuanze na neno kofta, linalotumika kuanzia Uturuki mpaka India. Limetoka kwenye kitenzi cha Kiajemi, kuftan, maana yake kuponda, kutwanga. Kwa hiyo wewe usiye na mashine ya kusaga hujakosa kitu. Ukikatakata nyama kwa kisu halafu ukaitwanga kwenye kinu, unafanya kile ambacho neno lenyewe linasema. Mwaka 1226 huko Baghdad, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi ambacho mpaka leo kipo. Miaka 32 baadaye Wamongoli waliuteketeza mji, kitabu kikabaki. Ndani yake kuna chakula kinaitwa rutabiya: nyama iliyopondwa inafinyangwa umbo la tende, na mahali pa kokwa inawekwa lozi. Yaani hata kwenye mji wa makhalifa nyama haikuachwa peke yake. Warumi walikuwa wametangulia zamani: kitabu chenye jina la Apicius kinaagiza nyama iliyokatwakatwa ichanganywe na mkate mweupe uliolowekwa kwenye divai.

Lakini ninayoipenda zaidi ni kofta ya Tabriz, mji wa kaskazini-magharibi mwa Iran. Wanachukua nyama iliyosagwa, wanaichanganya na wali, majani ya harufu, na njegere za njano zilizopasuliwa. Ndiyo, za namna ile ile unayopimiwa kwenye foleni ya mgao. Katikati wanaficha yai la kuchemsha au tunda kavu. Bonge moja linaweza kuzidi ngumi ya mwanaume, na linaivia taratibu ndani ya mchuzi. Hicho siyo chakula cha njaa. Mgeni wa heshima ndiye anayepikiwa, na mwanamke anayejua kulipika bila kupasuka anasifiwa. Sababu yake inaeleweka: nyama tupu ikipata moto inajikaza na kutema maji, ndiyo maana inakuwa ngumu. Njegere zinayanywa yale maji, buleti inabaki laini. Sasa hapo nani kamdanganya nani?

Kuna na habari ya mfalme mkimbizi. Charles wa 12 wa Sweden alipigwa na Warusi huko Poltava mwaka 1709, akakimbilia kwenye himaya ya Waturuki, akakaa huko karibu miaka mitano na watu wake, akila kwa gharama ya Sultani na kwa mikopo. Mwaka 2018 akaunti rasmi ya Sweden huko Twitter ilisema buleti za Kisweden zilitokana na mapishi aliyorudi nayo. Wanahistoria wengine wanalipinga, na mimi naona ushahidi ni mwembamba. Kilichothibitika ni madeni: wadai wake walimfuata mpaka Sweden. Wenye daftari la deni dukani mtamwelewa.

Basi nyama nyingi ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa, Marekani. Kati ya 1880 na 1920 Waitaliano takribani milioni 4 walihamia huko. Kwao polpette zilikuwa ndogo. Pellegrino Artusi, kwenye kitabu chake cha 1891, anazipika kwa nyama ya kuchemshwa iliyobaki. Kule ng'ambo walikuta nyama ni rahisi, buleti zikavimba na mkate ukapungua. Wale walihama wakapata nyama zaidi. Sisi tumehama tukapata kidogo, na mgao ulipokatwa mwaka 2023 hata mafuta yakawa ya kuhesabu vijiko.

Ndugu zangu wa mashirika, na nyinyi nisikilizeni kidogo. Mnapobandika bango linalosema "chakula mbadala", mama anasoma "chakula cha maskini". Andikeni kofta ya Tabriz, muone.

Kikundi chetu kinapika hivi. Njegere zinalowekwa usiku ili zile kuni kidogo, zinachemshwa mpaka zilainike, zinamwagwa maji vizuri na kupondwa. Kikombe kimoja cha njegere kwa kikombe kimoja cha nyama isiyo na mafuta, iliyonunuliwa asubuhi ile ile. Nyama iliyotwangwa haikai bila friji. Kitunguu, kitunguu saumu, dania, chumvi kidogo tu kwa sababu ya wale wa presha, na yai kama lipo. Likosekana, kijiko cha unga kinashika. Nyanya zinachemshwa pembeni na kijiko kimoja cha mafuta kwa sufuria nzima. Finyanga buleti kwa mikono yenye maji, ziweke moja moja kwenye mchuzi unaochemka polepole, na usizikoroge. Dakika kumi za kwanza usiziguse kabisa, ndipo zinapojishika. Baada ya hapo tikisa sufuria, siyo mwiko. Ziache kama nusu saa, mpaka ukipasua moja usione wekundu ndani. Ule mchuzi unaobaki usiumwage, ugali wa kesho unautaka.