Profesa wa Howard na Mayai ya Bahari

Mtu aliyekabidhiwa kiti cha ualimu wa elimu ya viumbe, au cha kemia ya uhai, katika chuo kikuu, hubebeshwa amana mbili kwa wakati mmoja: kuwasomesha vijana yale ambayo waliotangulia wamekwisha kuyathibitisha, na kuyatafuta yale ambayo hapana aliyeyajua bado. Amana hizi hazina ugomvi kwa asili yake, kwani mwalimu asiyechunguza husomesha maneno ya watu tu, na mchunguzi asiyesomesha huacha maarifa yake bila ya mrithi. Lakini zote mbili zataka wakati, na wakati katika vyuo hugawiwa na wenye mamlaka na wenye mali, wala haugawiwi kwa insafu siku zote. Katika historia ya elimu hii nchini Marekani simjui mtu ambaye maisha yake yanalidhihirisha jambo hilo, kwa fahari na kwa uchungu, kumshinda Ernest Everett Just, profesa wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Howard.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1883 mjini Charleston, katika jimbo la South Carolina, miaka 18 baada ya utumwa kupigwa marufuku katika nchi yake. Baba yake alifariki yeye akali mtoto wa miaka minne. Mama yake, Mary, mwanamke mwenye azma kubwa, alisomesha watoto skuli, na tena akafanya kazi katika machimbo ya fosfeti ya kisiwa cha James ili wanawe wasikose riziki, na kwa ushawishi wake familia za watu weusi wa pale zikaanzisha mji wao wenyewe, ukaitwa Maryville kwa jina lake. Mama huyu ndiye aliyemtia mwanawe katika njia ya masomo. Kijana akaenda kaskazini, akasoma Kimball Union huko New Hampshire, kisha Dartmouth, ambako profesa William Patten alimwonjesha ladha ya elimu ya viumbe. Na alipohitimu mwaka 1907 alikuwa ndiye pekee katika darasa lake aliyepata daraja ile ya juu iitwayo magna cum laude.

Shahada kama ile, kwa kijana mweupe, ingalifungua milango mingi. Kwa mtu mweusi wa zama zile milango ya vyuo vya Wazungu ilikuwa imefungwa, na kazi aliyoweza kuipata ilikuwa ya kusomesha katika vyuo vya watu wake. Bora ya vyuo hivyo ilikuwa Howard, iliyoasisiwa mjini Washington mwaka 1867, miaka miwili tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na huko Just aliingia akiwa mwalimu, si wa elimu ya viumbe, bali wa lugha ya Kiingereza. Alisomesha insha na ufasaha kwa bidii, akawasaidia wanafunzi kuunda chama cha michezo ya kuigiza, na mwaka 1911 akawaunga mkono vijana watatu walioanzisha, katika ofisi yake, udugu wa Omega Psi Phi, ambao ungali hai hata leo. Mwaka 1910 rais wa chuo, Wilbur Thirkield, aliyetaka elimu za sayansi zistawi pale, alimhamishia katika elimu ya viumbe. Na mwaka 1912 Just akawekwa kuwa mkuu wa idara mpya ya elimu ya wanyama, cheo alichokishika hadi kufa kwake. Fauka ya hayo alisomesha fiziolojia katika skuli ya udaktari. Msomaji apime mwenyewe mzigo huo: darasa za wanafunzi wa shahada ya kwanza, darasa za matabibu wa baadaye, maabara ya kujengwa tangu msingi, na fedha haba za chuo kilichotegemea hisani ya Bunge na ya matajiri.

Kwa hiyo uchunguzi wake ulimbidi autafutie majira na mahali pengine. Mahali hapo palikuwa Woods Hole, bandari ndogo ya Massachusetts yenye maabara mashuhuri ya viumbe vya bahari, ambako maprofesa wa nchi nzima walikutana kila majira ya joto, vyuo vikiwa likizoni. Just alifika huko mwaka 1909 kuwa msaidizi wa Frank Lillie wa Chuo Kikuu cha Chicago, na akarudi takriban kila mwaka kwa muda wa miaka 20. Lillie alikuwa akiyachunguza mayai ya mnyoo wa baharini aitwaye Nereis, jamaa ya wale ambao wavuvi huwatia katika ndoana wawe chambo, na kazi ya kwanza iliyompasa mwanafunzi wake ilikuwa kuwajua wanyoo hao walivyo katika maji yao.

Napenda kulikawilia jambo hili kidogo, kwa sababu ndimo ulimozaliwa ustadi wake wote. Nereis huishi mchana kutwa chini, mchangani na matopeni. Lakini katika miezi ya joto, baada ya jua kutua, waliokomaa hupanda juu ya maji wakaogelea ili kutoa mayai na mbegu zao. Hawapandi kila usiku. Lillie na Just, katika makala waliyoyatoa pamoja mwaka 1913, walionyesha kuwa kupanda huko hufuata mwezi: huanza karibu na mwezi mpevu na hukoma karibu na mwezi kuandama, kisha bahari hunyamaza mpaka mzunguko mwingine. Mchunguzi hana budi kukaa gatini gizani na taa na wavu mdogo wa mkono, akitazama dume dogo jekundu likimzunguka jike kwa kasi na kumwaga mbegu zake majini. Mtu wa pwani zetu, ambaye hujua siku za bamvua na siku za maji mafu bila ya kuuliza kalenda, hataona ajabu kwamba uhai wa bahari huenda kwa hesabu ya mwezi. Lakini wanazuoni wengi wa wakati ule waliletewa wanyama wao mezani ndani ya ndoo, wala hawakuona haja ya kujua walikotoka. Just alijua, na katika kujua huko aliwapita.

Matunda yalikuja mapema. Mwaka 1912, kabla hata hajapata udaktari wa falsafa, alitoa makala yake ya kwanza, akathibitisha kuwa mbegu ya kiume yaweza kuliingia yai la Nereis mahali popote, na kwamba mstari wa mgawanyiko wa kwanza wa yai hupita pale pale mbegu ilipoingilia. Maana yake ni kubwa kuliko inavyosikika kwanza: mpango wa mwili wa mnyama haukuchorwa wote ndani ya yai kabla ya kurutubishwa, bali sehemu yake huamuliwa na tukio lenyewe. Tarehe 12 Februari 1915 Chama cha Taifa cha Kuwaendeleza Watu Weusi kilimpa Nishani ya Spingarn, naye akawa mtu wa kwanza kuipata. Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Chicago kikamtunukia udaktari. Kisha mwaka 1919, akichunguza yai la kiumbe bapa wa duara akaaye mchangani, Echinarachnius kwa jina la kitaalamu, akaeleza kuwa mara mbegu moja inapogusa yai, mabadiliko fulani huanzia mahali pale na kupita kwa kasi juu ya uso wote wa yai, yakilifunga lisiingiliwe na mbegu nyingine, kabla utando wa nje, unaoonekana kwa hadubini, haujainuka juu ya uso huo.

Watu waliomwendea Woods Hole, na walikuwa wengi, hawakumwendea kwa nadharia kwanza, bali kwa mikono yake. Alikuwa mwalimu mkali wa usafi. Bakuli la kioo lililowahi kutiwa kemikali halikuwa bakuli la mayai. Chombo kilichogusa dume hakikugusa jike. Mayai hayakusongamanishwa, wala maji hayakuachwa yapate joto mezani. Na kabla ya jaribio lolote sehemu ya mayai ilirutubishwa kwa njia ya kawaida, ili ijulikane kama ni mazima. Zaidi ya yote alitaka mchunguzi aujue ukuaji wa kawaida wa yai, hatua kwa hatua na dakika kwa dakika, ndipo athubutu kusema kuwa jaribio lake limebadilisha kitu. Majaribio mengi yaliyosifiwa katika zama zile, kwa hukumu yake, yalikuwa habari za mayai yaliyokwisha kudhuriwa kabla ya jaribio kuanza. Nami naona hilo ni somo lililo bora kuliko makala yoyote kati ya zaidi ya 50 aliyoyatoa, maana makala hueleza jambo moja, bali adabu ya kazi huhifadhi ukweli wa mambo yote.

Adabu hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye mabishano na mwanachuoni mkubwa, Jacques Loeb. Mwaka 1899 Loeb alikuwa amewastaajabisha watu kwa kuyafanya mayai ya viumbe vya bahari vyenye miiba yaanze kukua bila ya mbegu ya kiume, kwa kuyatia tu katika maji ya bahari yaliyobadilishwa chumvi zake, na kwa hayo akahubiri kuwa uhai wote utaelezwa siku moja kwa fizikia na kemia. Just hakuikana kemia. Alichokikataa ni kulifanya yai kuwa kitu kinachongoja kuamrishwa na dawa kutoka nje. Alishika kuwa uwezo wa kukua umo ndani ya yai lenyewe, na kwamba mbegu, au chumvi, huamsha tu kilichokuwamo. Maprofesa wa kemia ya uhai waliokuwa wakiisaga seli ili wapime vilivyomo ndani yake, aliwakumbusha kuwa seli iliyosagwa imekwisha kuacha mpangilio wake, na kwamba katika mpangilio ndimo uhai ulimo.

Mwaka 1920 alipata msaada wa fedha kutoka kwa tajiri Julius Rosenwald, uliomwezesha kupata wasaa zaidi wa kuchunguza. Lakini wasaa wa mtu mmoja katika chuo maskini hutoka katika mgongo wa mtu mwingine, na haki yataka tumtaje aliyeubeba. Roger Arliner Young, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake kisha mwalimu katika idara yake, alitoa makala katika jarida la Science mwaka 1924, akawa mwanamke mweusi wa kwanza nchini Marekani kutoa makala ya utafiti katika elimu ya wanyama. Alifanya kazi pamoja na Just huko Woods Hole, na Just alipokwenda Ulaya mwaka 1929 ndiye aliyeachiwa idara aiendeshe. Mwaka 1930 alishindwa mtihani wa kuendelea na udaktari huko Chicago akiwa amechoka na kuelemewa, na mwaka 1936 Howard ikamwondoa kazini. Hakukata tamaa: mwaka 1940 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimpa udaktari, naye akawa mwanamke mweusi wa kwanza wa nchi ile kuupata katika elimu ya wanyama. Dhuluma aliyotendewa Just na ulimwengu haimwondolei Just lawama ya yale yaliyompata mwanamke huyu chini ya uongozi wake.

Kuhusu Ulaya nitasema machache. Baada ya miaka mingi ya kuulizwa shauri na watu ambao vyuo vyao visingalimpa kiti, Just alikwenda Naples mwaka 1929, akaalikwa Berlin mwaka 1930 katika taasisi ya Kaiser Wilhelm, na kule akapokewa kama mwanachuoni miongoni mwa wanavyuoni. Hakurudi tena kufanya kazi Woods Hole. Wanazi waliposhika dola alihamia Ufaransa, akafanya kazi Roscoff, kando ya bahari ya Brittany, mpaka Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940. Wakamtia kizuizini kwa muda, wakamwachia, akarudi Washington akiwa mgonjwa. Alifariki tarehe 27 Oktoba 1941, kwa saratani ya kongosho, akiwa na umri wa miaka 58.

Alikuwa amekwisha kuacha wasia wake katika vitabu viwili vya mwaka 1939: kimoja cha njia za kufanyia majaribio mayai ya wanyama wa bahari, kilichokusanya yale aliyoyafundisha kwa mdomo miaka yote, na kingine kiitwacho The Biology of the Cell Surface, alimodai kuwa uso wa seli si ganda la kuhifadhia tu, bali ni sehemu hai, yenye kuhisi na kujibu, inayokutanisha seli na ulimwengu wake. Katika kutetea uso na utegili wa seli, yaani ute unaokizunguka kiini chake, alizidisha, akapunguza mno kazi ya kiini na ya jeni, na hapo wakati haukumthibitisha. Katika mengine ulimthibitisha. Mwaka 1976 Laurinda Jaffe alionyesha, kwa kupima umeme wa yai la kiumbe yule mwenye miiba, kuwa kizuizi cha upesi dhidi ya mbegu ya pili hutokana na badiliko la umeme katika utando wa yai, jambo linalotukia kabla ya utando wa nje kuinuka, kama vile Just alivyoshikilia tangu mwanzo kwamba yai hujifunga kabla ya ishara ya macho.

Leo somo la urutubishaji husomeshwa katika kila chuo chenye idara ya viumbe, na aghalabu hueleza kizuizi hicho bila ya kumtaja mtu aliyekitambua. Nawasihi walimu wa elimu hii, popote walipo, wafikapo katika sura hiyo, wawatajie wanafunzi wao jina la Ernest Everett Just wa Howard, na pamoja nalo jina la Roger Arliner Young.