Kukosa Wenzake

Machi 17, 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, kuanzia za awali hadi sekondari, kwa siku 30. Siku hizo ziliongezwa. Kidato cha sita walirudi Juni 1, maana mtihani uliwasubiri. Wengine walirudi Juni 29. Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, shule hazikuanza kufunguliwa hadi Septemba. Uganda, shule zote hazikufunguliwa hadi Januari 2022.

Mazungumzo ya miezi ile yalihusu masomo: mada zilizorukwa, mihula, mitihani. Mtoto wa darasa la awali hana mtihani, kwa hiyo alisahaulika kirahisi. Hapa kwetu Kyela, mpwa wangu alikuwa na miaka 5. Wiki ya kwanza alishangilia likizo. Mvua za Aprili zilipomfungia ndani, alirudia kukojoa kitandani, tabia aliyokwisha kuiacha. Msimu wa kuvuna mpunga ulipofika, alimng'ang'ania mama yake kila asubuhi asiende shambani, na mchana akampiga mdogo wake bila sababu. Sisi tulitafuta ugonjwa. Bibi yake alisema, "Mtoto huyu amekosa wenzake."

Kauli hiyo ina historia hapa. Miaka ya 1930, Monica na Godfrey Wilson walipofanya utafiti kwa Wanyakyusa, walikuta wavulana wa rika moja wakichunga ng'ombe za baba zao pamoja. Wakifika miaka 10 au 11, walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha wazazi na kulala huko. Chakula walikula kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mtoto alijifunza uvumilivu, utani na adabu kwa wenzake. Kitabu cha Monica Wilson cha mwaka 1951 kuhusu vijiji hivyo kinaitwa *Good Company*, yaani ushirika mwema.

Vijiji vile vya rika havipo tena. Kwa sehemu kubwa, shule ndiyo iliyochukua nafasi yake, na Sera ya Elimu ya 2014 ilipofanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, watoto wa miaka 5 nao waliingia kundini. Ndiyo maana naamini kwamba tulipofunga madarasa tulifunga pia mahali pekee ambapo wadogo hawa walikuwa na jamii yao wenyewe. Redio ingeweza kuwafundisha herufi. Isingeweza kugombana nao na kupatana nao kabla ya jua kuzama.

Mlipuko mwingine ukija, huenda tukalazimika kufunga tena. Basi tupange mapema, kitongoji kwa kitongoji, ni watoto gani wachache wa majirani watakaoendelea kucheza pamoja kwa usalama. Mada zilizorukwa zinaweza kurudiwa Julai. Umri wa miaka 5 haurudiwi.