Spidwei: ni kweli ilizaliwa kwenye maonyesho ya kilimo Australia?

Wadau, leo nawaletea mchezo ambao wengi wetu tumeuona kwenye vipande vya video tu: pikipiki nne zimelala ubavu kwenye kona, udongo unaruka hadi kwenye uzio. Unaitwa spidwei. Ukiuliza ulianzia wapi, utaambiwa haraka haraka: Maitland, Australia, 1923. Jibu hilo lina ukweli, ila si ukweli wote.

Kwanza, spidwei ni kitu gani?

Waendeshaji wanne wanazunguka uwanja wenye umbo la yai mara nne, kona zote wanakata kushoto. Dakika moja hivi, kazi imekwisha. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho anatoka mikono mitupu.

Pikipiki za siku hizi ni za cc 500, zinatumia methanoli badala ya petroli, zina gia moja, na breki hazina kabisa. Umesoma sawasawa, hakuna breki! Maana mtu akifunga breki ghafla mbele yako, unamvaa. Kwenye kona mwendeshaji analiachia gurudumu la nyuma liteleze kwenda nje, huku mguu wa kushoto, wenye kiatu cha chuma, ukiburuzwa chini asianguke.

Usiku wa Maitland

West Maitland ulikuwa mji wa wakulima katika Bonde la Hunter, jimbo la New South Wales. Chama cha kilimo cha pale kilikuwa na uwanja wake wa maonyesho ya mifugo na mazao. Katibu alikuwa Johnnie Hoskins, mzaliwa wa New Zealand, miaka 31. Katibu wa chama cha namna hii ana kichwa kimoja kinachomuuma: hela ya mlangoni itatoka wapi?

Jumamosi usiku, tarehe 15 Desemba 1923, chama kikaandaa tamasha chini ya taa za umeme, na mbio za pikipiki zikawa kwenye ratiba. Usisahau kwamba hizo hazikuwa mashine maalumu. Pikipiki za spidwei tunazozijua leo zilikuja baadaye.

Je, Hoskins ndiye mwanzilishi?

Hapa ndipo watu wanapobishana. Marekani walikuwa wakishindana kwa pikipiki kwenye viwanja vya udongo na vya mbao kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Hata Australia yenyewe, mbio kwenye njia za farasi zilikuwepo kabla ya 1923. Hoskins alikuwa fundi wa maneno, na hadithi ya Maitland aliisimulia kwa miaka mingi hadi ikakolea chumvi.

Ila tusimdhulumu. Alijua kuuza burudani: usiku, taa, njia fupi, mtazamaji anaona kila kitu toka alipokaa. Mwaka 1926 mbio hizo zilikuwa zimefika Uwanja wa Maonyesho wa Sydney. Tarehe 19 Februari 1928 zikafanyika High Beech, karibu na London, Waaustralia Billy Galloway na Keith McKay wakiwemo, na umati ukafurika kuliko waandaaji walivyotegemea. Mwaka huo huo Hoskins naye akahamia Uingereza na kuendelea na kazi ya kuandaa mbio. Ubingwa wa dunia wa kwanza, Wembley 1936, aliuchukua Mwaustralia, Lionel Van Praag. Hoskins alifariki 1987.

Maoni yangu

Mimi naona tunakosea tukimpa sifa zote aliyekata tiketi. Waliouweka mwili rehani ni wale vijana waliokubali kuingia kwenye kona, na hatari haijaisha. Agosti 2015 Darcy Ward, Mwaustralia mwenye kipaji kikubwa, alianguka mbioni Zielona Góra, Poland, akaumia uti wa mgongo na kupooza. Alikuwa na miaka 23.

Kwa hiyo ukiulizwa nani alianzisha spidwei, mtaje Hoskins, lakini usiishie hapo.

Mnasemaje wadau? Uwanja ni wenu.