Wanawake walioongoza vyama vya siasa Uingereza

MNAMO Februari 11, 1975, wabunge wa chama cha Conservative walimchagua Margaret Thatcher kuwa kiongozi wao. Hadi siku hiyo, hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kuchaguliwa kuongoza chama kikuu nchini Uingereza.

Si kwamba hapakuwa na waliojaribu. Mnamo 1917, Emmeline Pankhurst na bintiye Christabel, waliokuwa vinara wa harakati za kudai haki ya kupiga kura, waliunda Chama cha Wanawake. Katika uchaguzi wa 1918, Christabel aliwania kiti cha Smethwick akashindwa kwa kura 775. Chama hicho hakikudumu.

Thatcher, binti wa mwenye duka katika mji wa Grantham, naye hakupewa nafasi kubwa ya kushinda. Katika duru ya kwanza alipata kura 130 dhidi ya 119 za Edward Heath, kiongozi wa wakati huo, ambaye alijiuzulu papo hapo. Duru ya pili ilimpa kura 146, huku William Whitelaw akiambulia 79.

Alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Mei 1979 hadi Novemba 1990, baada ya kushinda chaguzi kuu tatu mfululizo. Hata hivyo, mpanda ngazi hushuka. Ni wabunge wa chama chake mwenyewe waliomng’oa: mnamo Novemba 1990 alipata kura 204 dhidi ya 152 za Michael Heseltine, lakini zikapungua nne kufikia kiwango kilichohitajika ili kuepuka duru ya pili.

Tangu hapo, Conservative imewachagua wanawake wengine watatu. Theresa May alitwaa uongozi Julai 2016, wiki chache baada ya Waingereza kupiga kura ya kujiondoa katika Muungano wa Ulaya. Bunge lilikataa mkataba wake wa kujiondoa mara tatu, naye akang’atuka 2019. Wakenya watamkumbuka kwa ziara yake ya Agosti 2018 jijini Nairobi, ya kwanza kufanywa na Waziri Mkuu wa Uingereza tangu ile ya Thatcher mnamo 1988.

Liz Truss alichukua usukani Septemba 2022. Mpango wake wa kupunguza kodi ulitikisa masoko ya fedha, na akawa Waziri Mkuu kwa siku 49 pekee. Mnamo Novemba 2, 2024, miezi michache baada ya chama hicho kushindwa vibaya katika uchaguzi mkuu, wanachama walimchagua Kemi Badenoch, aliyezaliwa London na kulelewa Nigeria. Akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza chama kikuu nchini humo.

Ajabu ni kwamba Labour, chama ambacho kwa miaka mingi kimejinadi kuwa mtetezi wa usawa, hakikuwahi kumchagua mwanamke kuwa kiongozi katika chaguzi zake zote hadi ule wa 2020 uliompa ushindi Keir Starmer. Chama hicho kilianza kutenga baadhi ya maeneobunge kwa wagombeaji wa kike pekee, na mnamo 1997 wanawake 101 wa Labour wakaingia bungeni. Lakini kiti cha juu kilibaki mikononi mwa wanaume.

Walichopata wanawake wa Labour ni ukaimu. Margaret Beckett alishikilia uongozi kwa muda mnamo 1994 baada ya kifo cha John Smith, kisha akashindwa na Tony Blair. Harriet Harman alikaimu mara mbili, 2010 na 2015, na mara zote mbili akamkabidhi mwanamume hatamu.

Vyama vidogo navyo vina historia yake. Caroline Lucas aliongoza Green kuanzia 2008, na Leanne Wood akaongoza Plaid Cymru ya Wales kati ya 2012 na 2018. Nicola Sturgeon alikiongoza chama cha SNP kuanzia Novemba 2014, na mwaka uliofuata kikazoa viti 56 kati ya 59 vya Scotland. Arlene Foster alikuwa kiongozi wa DUP ya Ireland Kaskazini mnamo 2017, wakati wabunge 10 wa chama hicho walipoinusuru serikali ya May. Jo Swinson wa Liberal Democrats hakubahatika: alichaguliwa Julai 2019, na Desemba akapoteza kiti chake cha ubunge kwa kura 149.

Ukiangalia tarehe hizo kwa makini, utaona jambo moja. Heath alikuwa ameshindwa katika chaguzi mbili mwaka wa 1974. May alirithi mgogoro wa Ulaya. Sturgeon alipokea chama baada ya kura ya maoni ya uhuru kugonga mwamba. Badenoch alikabidhiwa chama kilichosambaratika. Mara nyingi, wanawake hawa walipewa usukani chombo kikiwa tayari kimepigwa na dhoruba. Mwanamke aliyekuta bahari shwari ni nadra kumpata.